Kabla ya Kutia Saini: Nguvu za Mpigakura Kati ya Uchaguzi Mmoja na Mwingine

Kila baada ya miaka mitano mkaazi hupanga foleni alfajiri, hupewa karatasi sita za kura, huweka alama zake na kurudi nyumbani na wino kidoleni. Wengi huamini kwamba hapo kazi yao imekwisha hadi uchaguzi mwingine. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu chake cha kwanza kabisa kinaeleza kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na kwamba wanaweza kuyatumia kupitia viongozi waliowachagua au wao wenyewe moja kwa moja. Maneno hayo ya mwisho, "moja kwa moja", ndiyo yanayohusu somo hili.

Njia za kuyatumia zipo kadhaa: ombi la umma, kura ya maamuzi, mpango wa wananchi wa kurekebisha Katiba, na haki ya kumwondoa mwakilishi kabla ya muda wake kuisha. Zote huanza na kitu kimoja, yaani saini. Ndiyo maana mkaazi husimamishwa sokoni au nje ya msikiti na kanisa na mtu mwenye kalamu na karatasi ndefu yenye mistari. Swali la kujiuliza ni hili: saini hii inaenda wapi, na inaweza kuleta nini?

Soko linapohamishwa

Chukua mfano wa wadi yenye wapigakura 16,000 waliosajiliwa. Wakaazi wamesikia kwamba soko lao litahamishwa kilomita nne kutoka barabarani. Mama mboga wanalalamika kwamba wateja hawatawafuata huko, na wahudumu wa bodaboda wanaona riziki yao inaondoka pamoja na soko. Wa kwanza kulaumiwa ni mwakilishi wadi. Kabla ya jioni tayari kuna kundi linalosema arudishwe nyumbani.

Hasira hiyo inaeleweka, ila imekimbilia mlango usio wake. Wenye soko wanataka soko libaki, na kumwondoa mwakilishi wadi hakubakishi soko. Hata akiondoka kesho, uamuzi wa kuhamisha soko utakuwa bado uko kwenye makaratasi ya mipango ya kaunti.

Mlango wa kwanza ni ombi la umma. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza kwamba mtu yeyote anaweza kuliomba bunge la kaunti lizingatie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga sheria, kuirekebisha au kuifuta. Hiyo ni sehemu ya 15. Sehemu ya 88 inawapa wananchi haki ya kupeleka maombi kwa serikali ya kaunti yenyewe, na ya 89 inazitaka mamlaka za kaunti kuyajibu bila kuchelewa. Masoko ni miongoni mwa kazi ambazo Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti, kwa hiyo hapo hakuna ubishi kuhusu ofisi ya kuendea.

Ombi halihitaji maelfu ya watu. Mtu mmoja anaweza kuliwasilisha. Kinachohitajika ni liandikwe vizuri, na hapa ndipo mengi huanguka. Ombi linaloeleza tu kwamba wananchi wamechoka humwacha karani na kamati bila jambo la kushughulikia. Ombi zuri hutaja soko lenyewe, uamuzi unaopingwa, tarehe wakaazi walipoarifiwa, na hatua ambazo wameshachukua, kwa mfano barua waliyompelekea msimamizi wa wadi na jibu walilopewa. Linaeleza pia kama jambo hilo liko mahakamani au la. Mwisho linasema waziwazi linaomba nini. "Bunge la kaunti lisimamishe kuhamishwa kwa soko hadi wafanyabiashara wasikilizwe" ni ombi ambalo kamati inaweza kulikubali au kulikataa. "Tusaidiwe" si ombi la namna hiyo.

Kwa maombi yanayopelekwa kwa Bunge la Taifa au Seneti, sheria ya mwaka 2012 imeweka masharti yanayofanana na hayo. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na kamati husika ina siku 60 za kulijibu. Kila bunge la kaunti lina kanuni zake za kudumu, na ofisi ya karani ndiyo inayozieleza.

Kura ya maamuzi ya mashinani

Kuna mlango mwingine ambao wakaazi wachache wanaujua. Sehemu ya 90 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inaruhusu kaunti kuandaa kura ya maamuzi ya mashinani kuhusu sheria za kaunti na maombi, au kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji ambayo yamewasilishiwa ombi. Ombi hilo liwe limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapigakura waliosajiliwa mahali ambapo kura hiyo itapigwa.

Katika wadi ya mfano, asilimia 25 ya watu 16,000 ni watu 4,000. Si wachache, lakini soko likichangamka siku mbili kwa wiki, kazi hiyo inawezekana kwa miezi michache. Kuhamishwa kwa soko ni uamuzi wa mipango, kwa hiyo jambo lenyewe linaingia katika sehemu hii bila kulazimishwa.

Lakini msomaji aisome sheria hiyo kwa makini. Inasema serikali ya kaunti "inaweza" kuandaa kura hiyo. Haikusema "lazima". Wakaazi wakifikisha saini 4,000 watakuwa wamepata haki ya kulifikisha suala lao pazito, lakini hawajapata siku ya kura. Hii si sababu ya kuidharau njia hii. Uongozi wowote unaopokea majina 4,000 yaliyothibitishwa kutoka wadi moja utajiuliza maswali mengi kabla ya kuendelea na mpango wake. Hata hivyo, mkusanya saini akiwaambia watu kwamba saini zikitimia kura itakuwepo bila shaka, atakuwa amewadanganya.

Kumwondoa mwakilishi

Turudi kwa wale waliotaka mwakilishi wadi arudishwe nyumbani. Haki hiyo ipo. Kifungu cha 104 cha Katiba kinaitoa kwa wapigakura dhidi ya wabunge na maseneta, na Sheria ya Serikali za Kaunti inaitoa dhidi ya wawakilishi wadi. Hata hivyo, imefungwa kwa masharti, na baadhi ya masharti hayo yamebadilika njiani.

Sheria ya awali ilitaka Mahakama Kuu ithibitishe kwanza makosa ya kiongozi kabla ya ombi kuanza. Ilimzuia pia aliyeshindwa katika uchaguzi kuanzisha ombi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofikishwa na Katiba Institute, ilibatilisha vipengele kadhaa vya aina hiyo katika Sheria ya Uchaguzi na Sheria ya Serikali za Kaunti. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha upande wa kaunti. Upande wa wabunge haukurekebishwa kwa wakati huo, na mwaka 2025 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilieleza kwamba pengo hilo la sheria linazuia kumwondoa mbunge, ilhali njia ya kumwondoa mwakilishi wadi ipo.

Kwa mwakilishi wadi, muda ni wa kwanza kuangaliwa. Ombi haliwezi kuanza kabla ya miezi 24 kupita tangu achaguliwe, wala katika miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu unaofuata. Dirisha hilo ni la miaka miwili tu, katikati ya muhula. Kisha kuna sababu. Lazima iwe miongoni mwa zile zilizotajwa na sheria. Kutopokea simu za wakaazi ni jambo la kuudhi, lakini si sababu ya kisheria. Wala si sababu kwamba alihamia chama kingine cha kisiasa na wapigakura wakaudhika.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo limewashinda wengi, hesabu ya saini. Ombi linahitaji majina ya angalau asilimia 30 ya wapigakura waliosajiliwa katika wadi. Kwa wadi ya watu 16,000 hao ni watu 4,800, na mwombaji ana siku 30 tu za kuyakusanya na kuyafikisha kwa tume. Gawanya: ni saini 160 kila siku, Jumapili ikiwemo, na kila moja iwe ya mpigakura wa wadi hiyohiyo. Mtu aliyehamia Nairobi na akajiandikisha huko hahesabiki hata kama mama yake bado anauza sokoni. Hesabu inafanywa kwa kutumia sajili ya wapigakura, kwa hiyo jirani mwenye kitambulisho lakini asiyejisajili naye hahesabiki.

Haishangazi basi kwamba hakuna mbunge wala mwakilishi wadi nchini ambaye wapigakura wamemwondoa kwa kura ya namna hii tangu Katiba ianze kutumika. Wapo wanaosema masharti haya yaliandikwa na wale wanaoyaogopa. Wengine hujibu kwamba bila masharti hayo kila aliyeshindwa angeanza kukusanya saini siku ya pili baada ya matokeo. Pande zote mbili zina hoja, ingawa siku 30 kwa wadi pana ya maeneo kame, ambako kijiji na kijiji hutenganishwa na nusu siku ya safari, ni muda mfupi kwa kipimo chochote.

Gavana hayumo katika utaratibu huu. Wapigakura hawana kura ya kumwondoa katikati ya muhula. Hoja ya kumwondoa huanzia bunge la kaunti, ambako theluthi mbili ya wawakilishi wadi wote wanapaswa kuiunga mkono, kisha Seneti huamua. Mkaazi anayetaka jambo hilo lifanyike, au lisifanyike, ana mtu mmoja wa kuzungumza naye, na huyo ni mwakilishi wadi wake.

Yaliyotokea Makueni

Kaunti nzima inaweza kusimamishwa, na hapa kuna mfano wa kweli unaofaa kukumbukwa. Mwaka 2014 mvutano kati ya serikali ya Kaunti ya Makueni na bunge la kaunti hiyo ulifika pabaya, hata bajeti ikakwama, na mwezi Septemba risasi zilifyatuliwa katika majengo ya bunge hilo. Wakaazi walitumia kifungu cha 192 cha Katiba pamoja na sehemu ya 123 ya Sheria ya Serikali za Kaunti, inayomruhusu mtu kumwomba Rais aisimamishe serikali ya kaunti endapo ombi litaungwa mkono na angalau asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa katika kaunti.

Ombi lilifika. Rais Uhuru Kenyatta aliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga, nayo ikasikiliza wananchi na kupendekeza kaunti isimamishwe. Kama Rais angekubali, Seneti ingetakiwa kuidhinisha, kaunti ingesimamishwa kwa siku zisizozidi 90, kisha uchaguzi ungefanyika kwa viti vyote. Lakini mnamo Septemba 2015 Rais alikataa pendekezo hilo. Kaunti iliendelea, na gavana Kivutha Kibwana akachaguliwa tena mwaka 2017.

Wengine husema saini za Makueni zilipotea bure. Hilo si sahihi. Zilileta tume, na tume ikawalazimisha viongozi wa pande zote mbili kueleza hadharani fedha zilivyotumika na kwa nini bajeti ilikwama. Saini ya ombi hufungua mlango wa kwanza, na nyuma yake kuna milango mingine yenye walinzi wengine. Atakayejua hivyo mapema hatavunjika moyo kama aliyeahidiwa matokeo ya haraka.

Saini milioni moja

Njia kubwa kuliko zote ni ya kifungu cha 257, ambacho kinawaruhusu wananchi kupendekeza mabadiliko ya Katiba. Wapigakura milioni moja waliosajiliwa wakitia saini, IEBC huzithibitisha na kuupeleka mswada kwa mabunge yote 47 ya kaunti. Kila moja lina miezi mitatu kuujadili. Ukiidhinishwa na angalau 24, unakwenda Bungeni. Bunge likiupitisha katika mabaraza yote mawili, unapelekwa kwa Rais autie saini. Baraza moja likiukataa, au mswada ukigusa mambo mazito ya kifungu cha 255 kama Sheria ya Haki, muda wa Rais au muundo wa ugatuzi, lazima wananchi wapige kura ya maamuzi. Katika mambo hayo mazito wingi wa kura pekee hautoshi. Katika angalau nusu ya kaunti, asilimia 20 au zaidi ya wapigakura waliosajiliwa wawe wamejitokeza kupiga kura.

Wakenya wamejaribu njia hii mara tatu, na kila jaribio lilikwama mahali tofauti.

Okoa Kenya ya muungano wa CORD ilikwama katika saini zenyewe. Mwaka 2016 IEBC ilipozikagua, zilizokubalika hazikufika milioni moja, ingawa waanzilishi walikuwa wamewasilisha zaidi ya idadi hiyo. Ndiyo sababu wakusanyaji wenye uzoefu hulenga ziada kubwa.

Punguza Mizigo ya chama cha Thirdway Alliance chake Ekuru Aukot ilivuka hapo mwaka 2019, kisha ikakwama katika mabunge ya kaunti. Haikupata 24. Hapa wakaazi wengi walishangaa kugundua kwamba mwakilishi wadi, waliyemchagua kwa sababu ya barabara na maji, alikuwa na kura katika kubadilisha Katiba ya nchi.

Ya tatu, mpango wa BBI, ilivuka vizingiti vyote viwili. Zaidi ya mabunge 40 ya kaunti yaliuidhinisha mwaka 2021, na Bunge likaupitisha mwezi Mei mwaka huohuo. Siku chache baadaye Mahakama Kuu iliusimamisha, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwezi Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho. Majaji walisema Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia njia hii, kwa kuwa ni ya wananchi wa kawaida. Walisema pia kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo kuhusu sehemu ya mswada iliyogawa maeneobunge mapya 70, ambayo iliingizwa baadaye.

Jambo hilo la mwisho linamgusa mkaazi kwa karibu kuliko yote. Watu walitia saini kwa ajili ya andiko moja, kisha andiko likaongezwa. Anayeombwa saini leo ana haki ya kuuona mswada wote, si kijikaratasi cha muhtasari.

Uswisi, inayotajwa kila mara mambo haya yanapozungumzwa, hudai saini 100,000 katika miezi 18 ili kupendekeza badiliko la katiba ya shirikisho, na 50,000 katika siku 100 ili kupinga sheria mpya. Huko pendekezo la wananchi haliwezi kuuawa na mabunge ya majimbo. Hatimaye hufika kwenye kura, isipokuwa waanzilishi wenyewe waliondoe au libatilishwe kwa kukosa sifa. Kenya ilikuwa na wapigakura zaidi ya milioni 22 waliosajiliwa mwaka 2022, kwa hiyo milioni moja ni chini ya asilimia tano. Kizingiti cha saini si kigumu kupita kiasi. Ugumu uko katika zile kaunti 24.

Kura za maamuzi za nchi nzima zilizowahi kufanyika ni mbili. Tarehe 21 Novemba 2005 wenye alama ya chungwa waliikataa rasimu iliyopigiwa debe na wenye ndizi. Tarehe 4 Agosti 2010 kijani kilishinda nyekundu, na Katiba inayotumika sasa ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Zote mbili ziliitishwa na serikali. Hakuna mpango wowote wa wananchi uliowahi kufikia sanduku la kura.

Mezani pa mkusanya saini

Orodha ya saini hubeba jina, nambari ya kitambulisho na saini au alama ya kidole gumba. Hizo ni taarifa zilezile ambazo tapeli huzitafuta. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kupitia mtandao kwamba walikuwa wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa bila kuulizwa, na tangu 2019 kuna Sheria ya Ulinzi wa Data inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu kueleza ni za kazi gani.

Kwa hiyo mkaazi aulize jina la mwombaji, ofisi ambako ombi linapelekwa, na aangalie kama kichwa cha ombi kimeandikwa juu ya kila ukurasa. Ukurasa usio na kichwa unaweza kuambatanishwa na ombi lolote. Asitie saini kwa niaba ya mume, mke au mtoto aliye shuleni. Asiyejua kusoma asomewe ombi lote na mtu anayemwamini, kisha aweke dole gumba. Na anayelipwa ili atie saini ajue kwamba karatasi hiyo ina mnunuzi.

Mwenye ombi lake mwenyewe alipeleke kwa karani wa bunge la kaunti akiwa na nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili inapigwa muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, na anarudi nayo nyumbani.